Mzee wa Injinrumu Anajibu: "Sisi tulibadilisha pakingi tu"

*Shikamoo mzee. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, naishi Portsmouth, Virginia, na mume wangu Mmarekani mwenye miaka 75. Alikuwa katika jeshi la majini la Marekani kuanzia 1968 hadi 1974, kwenye manowari aina ya destroya, chini kwenye injinrumu, yaani chumba cha mitambo. Kazi yake ilikuwa valvu na mabomba ya mvuke. Mwaka huu ameanza kuhema akipanda ngazi. Daktari alimpiga picha ya CT akasema ana mabaka kwenye utando wa mapafu, akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi na asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ya kuzuia joto. Mume wangu akakataa katakata. Anasema asbesto ilikuwa ya wale waliovisha mabomba vizuia-joto kule yadi ya meli, "sisi tulibadilisha pakingi na gasketi tu", yaani kamba na karatasi za kuziba mvuke usivuje. Fomu za kudai fidia hataki hata kuziona, anasema atakuwa anaidanganya serikali. Je, ni kweli asemavyo? Na hayo mabaka ni saratani?*
*– Mke wa baharia, Portsmouth*

Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Mabaka hayo si saratani, wala hayageuki kuwa saratani. Ni makovu magumu yanayoota kwenye utando unaofunika mapafu, aghalabu miaka 20 au zaidi baada ya mtu kuvuta nyuzi za asbesto. Wengi wanayo na hawana habari mpaka wapigwe picha kwa sababu nyingine. Mimi ninayo, upande wa kulia, na juzi nimeshusha gunia la mchele garini bila kumwita mtu.

Lakini baka ni shahidi. Linasema bwana huyu aliwahi kulivuta vumbi lile. Na kwa kuwa anahema, asikubali kuambiwa ni uzee. Aombe kipimo cha kupuliza, na ile picha ya CT isomwe na daktari wa mapafu, aangalie kama mapafu yenyewe, mbali na utando, yameanza kukakamaa. Huko kukakamaa ndiko kunakoitwa asbestosisi, na hilo ni jambo jingine. Akianza kupungua uzito, au kuumwa kifua upande mmoja, au daktari akisema kuna maji kifuani, msingoje miadi ya mwezi ujao.

Sasa tumzungumze yeye. Namfahamu bila kumwona. Nilijiunga na jeshi hilohilo mwaka 1971, kijana wa Kibokoni mwenye kadi ya ukaazi na Kiingereza cha kuokoteza bandarini, nikateremshwa chini kwenye mitambo na kupewa herufi mbili: MM, fundi wa mitambo. Kwa hiyo akisema "pakingi tu", najua anakusudia nini. Mngoje jioni ale, ashibe, kisha muulize: valvu ya mvuke ikianza kuvuja kwenye shina, mlikuwa mkifanyaje?

Akiwa mvivu wa kusimulia, nitamsaidia. Meli zile zilikwenda kwa mvuke. Zilizojengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na mvuke wa paundi 600 kwa kila inchi ya mraba; nyingi za miaka ya 1950 na kuendelea zilifika paundi 1,200, na joto la nyuzijoto 510 hivi za Selsiasi. Raba haikai hapo hata dakika. Kilichostahimili, tena kwa bei ya chini, kilikuwa asbesto, nayo ikawekwa kila pembe: juu ya mabomba, katikati ya flenji, ile midomo bapa mabomba yanapoungana, ndani ya shingo za valvu.

Basi mvuke ukianza kupiga mluzi kwenye shina, unafunga pande zote mbili, unamwaga maji yaliyosalia, unatundika lebo nyekundu ili mtu asije akafungua ukaiva ungali hai. Halafu valvu yenyewe huifikii mpaka uivue nguo. Nyingine zilikuwa na blanketi la kitambaa cha asbesto lililofungwa kwa waya. Nyingine zimekandikwa plasta nyeupe, na hiyo unaigonga nyundo mpaka ipasuke na kumwagika miguuni. Hapo pakingi bado hujaigusa. Unalegeza nati mbili za shingoni, unakiinua kikandamizo, unaingiza kulabu yenye ncha iliyosokotwa, unachimba pete kuukuu moja baada ya nyingine. Pakingi mpya ni kamba laini iliyosukwa, nyeusi kwa grafaiti, inateleza mkononi. Iliyopikwa na mvuke miaka miwili mitatu haina ulaini wowote. Inatoka chembechembe na unga. Na kila mara kuna mabaki yanayong'ang'ania chini kabisa ya shingo, mahali kulabu haifiki. Kila fundi alijua dawa yake: unachomeka mdomo wa kompresa, unapuliza. Unga wote unakurudia usoni. Unafuta macho kwa mkono wa shati, unaendelea.

Gasketi, kwa maoni yangu, ilikuwa mbaya zaidi. Unafungua flenji, unakuta gasketi ya karatasi ngumu ya asbesto imeungua na kugandamana na chuma. Unaanza na skrepa, kisha brashi ya waya. Kama mkuu wa zamu anapiga kelele kwamba meli inang'oa nanga alfajiri, unachukua mashine yenye brashi ya kuzunguka. Uso wa flenji lazima ung'ae, maana ukiacha mkwaruzo mdogo tu, mvuke utapita. Kwa hiyo unainama ili uone vizuri, na pua yako inakuwa shubiri moja kutoka kwenye brashi. Gasketi mpya nayo ulikata mwenyewe: unalaza karatasi juu ya flenji, unagonga pembezoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo mpaka inajikata.

Hayo yalifanyika katika chumba chenye joto la kutia kizunguzungu, ambamo kila mtu anatafuta mdomo wa feni asimame chini yake. Feni ileile ndiyo iliyolitembeza vumbi. Aliyekuwa zamu ya kusoma geji, ambaye siku hiyo hakushika hata spana, naye alilipata. Tukipanda kulala, mabomba yalipita juu ya vitanda, na mizinga ikipigwa unga mweupe ulidondoka kwenye mito. Muulize hilo la mito. Atacheka kwanza.

Kwa hiyo si kweli kwamba asbesto ilikuwa ya wavisha mabomba peke yao. Na katika fomu hatamdanganya mtu. Mwongozo ambao maafisa wa VA, idara ya maveterani ya Marekani, wanautumia kuamua madai una orodha ya kazi za jeshi la majini na uwezekano wa kila moja kukutana na asbesto. Herufi MM, na BT za mafundi wa boila, zimo humo, wala hazikuwekwa daraja la chini. Serikali imeshayaandika hayo yenyewe, yeye anabishana nayo kwa niaba ya nani?

Ila imani yake haikutoka hewani, nami simlaumu. Mwaka 1946 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowapima wavisha mabomba 1,074 waliokuwa wakiunda manowari. Waliopatikana na asbestosisi walikuwa watatu, na watafiti wakahitimisha kwamba kazi hiyo ni salama kiasi. Taarifa hiyo ilitegemewa miaka mingi. Lakini hao watatu wote walikuwa wameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20, ilhali karibu wote waliosalia hawakuwa wamefikisha hata 10. Ni kupima mimba asubuhi ya harusi. Ugonjwa huu hauna pupa. Mesothelioma, yaani saratani ya utando wenyewe, huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mwaka 1960 ndipo Dakta Wagner na wenzake kule Afrika Kusini walipoihusisha waziwazi na asbesto, kwa wagonjwa 33, wengi wao watu wa maeneo ya machimbo ya asbesto ya buluu katika jimbo la Cape. Meli za Marekani ziliendelea kufungwa asbesto hadi katikati ya miaka ya 1970, na zilizokwisha kufungwa zilibaki nayo miaka mingi baada ya hapo.

Na kama anaona ni ugonjwa wa makuli wa yadi, mkumbushe Admirali Elmo Zumwalt. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi zima la majini kuanzia 1970 hadi 1974, yaani bosi wetu sote wawili. Alifariki Januari 2000, na kilichomuua ni mesothelioma.

Hapa sasa, dada, ndipo nataka unisikilize kuliko kote. Nimewasaidia maveterani wenzangu kujaza fomu tangu nilipostaafu, na madai ninayoyaona yakianguka mara nyingi hayaangushwi na ugonjwa. Yanaangushwa na kukosa maelezo ya kazi. Kuwa mgonjwa na kuwa mwanamaji hakutoshi. Hili la asbesto VA haikupi kwa kukutazama tu usoni. Hata ile sheria ya PACT ya mwaka 2022 inayotangazwa kila kona haikulirahisisha kiasi watu wanavyodhani. VA inataka ugonjwa uliotajwa na daktari. Inataka ionekane kwamba vumbi ulilipata kazini. Na inataka daktari aandike kwamba uwezekano wa hili kuzaa lile ni nusu kwa nusu au zaidi. Si lazima awe na hakika. Daktari akiandika "huenda", mrudishie karatasi kwa adabu.

Hilo la pili, la kazini, liko kichwani mwa mumeo, na haliko kwingine. Nunua daftari. Kila akikumbuka jambo, andika wewe, yeye aseme tu. Jina la meli na namba yake. Alikuwa chumba cha mbele au cha nyuma. Valvu zipi: za mvuke mkuu, za maji ya boila, za pampu ya moto? Alibadilisha pakingi ngapi kwa wiki? Meli iliingia yadi lini kwa matengenezo makubwa, na wao walilala wapi wakati mabomba yanavuliwa? Nani alikuwa naye zamu? Kama mmoja wao yu hai, aandike barua ya ukurasa mmoja, atie saini; barua ya mwenzako wa zamu ina uzito mkubwa. Na bamba la pampu: lilisomeka jina la kiwanda gani? Hili la bamba mtu huona ni upuuzi. Subiri nikueleze.

Serikali yenyewe hamwezi kuishtaki. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifunga mlango huo mwaka 1950 katika kesi ya Feres: mwanajeshi hadai fidia mahakamani kwa madhara yaliyotokana na utumishi wake. Waliobaki kushtakiwa ni viwanda. Navyo vilikuwa na hoja yao ya miaka nenda miaka rudi: sisi tuliuza pampu ya chuma kitupu, asbesto iliwekwa na jeshi baadaye. Mwaka 2019, katika kesi ya DeVries iliyofunguliwa na familia za mabaharia, mahakama hiyohiyo iliamua kwa kura 6 dhidi ya 3 kwamba, kwa sheria za baharini, hoja hiyo haitoshi. Kama mtambo ulihitaji kuongezewa kitu hicho, na kiwanda kilijua au kilikuwa na sababu ya kujua kwamba mtambo ukiwa nacho ni hatari, na hakikuwa na sababu ya kuamini kwamba mtumiaji anaijua hatari hiyo, basi kilipaswa kuonya. Ndipo jina kwenye bamba likapanda bei. Viwanda vingine vilifilisika na kuacha mifuko ya fidia. Mkubwa unaojulikana ni wa Johns-Manville, waliokimbilia ufilisi mwaka 1982. Mifuko hiyo nayo huuliza palepale: bidhaa gani, meli gani, mwaka gani.

Je, wakili ni lazima? Kwa mabaka peke yake, sioni haja ya kuanza na wakili. Ikiwa ni asbestosisi nzito au saratani, mwoneni mmoja, tena mapema, kwa sababu katika majimbo mengi muda wa kushtaki huanza kuhesabiwa siku daktari alipoutaja ugonjwa, na muda wenyewe si mrefu. Wakili mzuri atataka kumrekodi mumeo kwa kiapo angali na pumzi za kusema. Wale wanaopiga kelele kwenye televisheni usiku wa manane, wengine ni wa kweli na wengine ni madalali wanaouza jina lako kwa wakili mwingine. Waulize kama wao wenyewe ndio watakaosimama mahakamani, usikilize wanavyojiumauma.

Kwa upande wa VA, kwanza pelekeni fomu 21-0966, ile ya kutoa taarifa kwamba mtadai. Ni fupi, lakini inawashikia tarehe kwa mwaka mzima huku mkitafuta karatasi. Kisha ndiyo 21-526EZ, dai lenyewe. Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina watu wa kuwajazia bila malipo. Atakayewadai ada kwa kujaza dai la kwanza, mkimbieni. Msishangae pia mabaka yakipewa asilimia sifuri. Sifuri hiyo ina faida: imekubali kwamba chanzo ni kazi, na hali ikibadilika hamwanzi upya. Kwa asbestosisi, kiasi cha hewa anayoweza kupuliza ndicho kinachoamua: akiwa na 75 hadi 80 kwa mia ya kinachotarajiwa kwa mtu kama yeye hupewa asilimia 10, akishuka chini ya 50 hupewa 100. Mesothelioma ni 100 tangu mwanzo.

Hukusema kama anavuta sigara. Kama anavuta, hilo la daftari lingoje; aache sigara kwanza. Utafiti wa wavisha mabomba wa Marekani uliochapishwa mwaka 1979 ulikuta kwamba aliyevuta asbesto na sigara pamoja alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu mara 50 hivi ya yule asiyevuta chochote. Mesothelioma haijali sigara, lakini saratani ya mapafu inaipenda mno.

*Assalamu alaykum mzee wetu. Mume wangu alikuwa Mmarekani, fundi wa boila katika jeshi la majini miaka ya 1960. Tulioana 2009 tukaishi Mtwapa mpaka alipofariki mwezi wa nne. Hospitali walikuwa wakimtoa maji kifuani, kisha wakachukua kipande cha nyama wakasema ni mesothelioma. Cheti cha kifo lakini kimeandikwa kushindwa kupumua, basi. Alizikwa siku ileile. Mimi ni Mkenya, pasipoti ya Marekani sina, na yeye hakuwahi kudai chochote. Watu wananiambia nisahau.*
*– Mjane, Mtwapa*

Wa alaykum salaam, binti yangu. Allah amrehemu. Usisahau kitu, na hao watu wakuache.

Kuna malipo ya kila mwezi kwa mjane wa veterani aliyeuawa na ugonjwa uliotokana na utumishi. Wenyewe huyaita DIC. Uraia wa mjane si sharti. Kutodai kwake akiwa hai hakukufungii mlango. Mlikuwa mmeoana zaidi ya mwaka na mliishi pamoja hadi mwisho, hapo uko salama, mradi cheti chako cha ndoa kiwepo na kila mmoja awe na hati za talaka kama kulikuwa na ndoa za nyuma. Fomu ni 21P-534EZ. Ifike kabla mwaka haujatimia tangu kifo, ili ukikubaliwa malipo yahesabiwe tangu mwezi aliofariki. Ukichelewa unaweza kudai bado, ila miezi iliyopita umeipoteza.

Shida yako kubwa ni hicho cheti. Kushindwa kupumua si ugonjwa, kila mtu hufa akiwa ameshindwa kupumua. Sisi tunazika mapema, na ndivyo inavyotakikana, lakini daktari angeweza kuulizwa neno moja kabla ya kutia saini. Kwa yeyote anayesoma hapa na ana mzee wa meli anayeumwa: mwambieni daktari mapema kwamba ugonjwa uandikwe kwa jina lake.

Kwako wewe, nenda hospitali na barua, usiende na maneno matupu. Omba nakala ya ripoti ya kile kipande cha nyama. Omba pia kwa maandishi kwamba kipande chenyewe, kilichohifadhiwa kwenye nta maabara, kisitupwe. Kisha muombe daktari aliyemtibu aandike nusu ukurasa: kwamba marehemu alikuwa na mesothelioma iliyothibitishwa, na kwamba ndiyo iliyomfikisha kwenye kushindwa kupumua. Akikubali pia kuanzisha marekebisho ya cheti, vizuri zaidi. Ubalozi wa Marekani Nairobi hutoa taarifa ya kifo cha raia wao kilichotokea ugenini. Iombe kama hukupewa.

Karatasi yake ya kutoka jeshini, fomu DD-214, kama huioni kwenye sanduku lake, huombwa kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis, Missouri. Mjane haulipi kitu. Na mtu asikwambie kwamba karatasi za zamani ziliteketea. Moto ulikuwapo kweli, Julai 1973, lakini uliunguza kumbukumbu za jeshi la nchi kavu na la anga. Za wanamaji zilisalimika. Tafuta pia kwenye picha zake. Wanamaji hupiga picha na meli zao, na namba iliyochorwa ubavuni mwa meli inatosha kuijua.

*Mzee shikamoo. Mimi ni kijana wa Eldoret, nimejiunga na jeshi la majini la Marekani, niko San Diego, MM kama wewe zamani. Juzi tumefungua valvu ya zamani na mkubwa wangu akaniambia chapa kazi, asbesto iliisha zamani. Niogope?*
*– MM mdogo*

Marahaba, mwanangu. Kiasi kikubwa amesema kweli. Pakingi unazopewa leo ni grafaiti au plastiki ya PTFE, na meli nyingi sasa zinakwenda kwa tabaini za gesi, mvuke si mwingi kama wetu. Mwaka 1972 kikomo cha sheria kazini Marekani kilikuwa nyuzi 5 za asbesto kwa kila sentimita moja ya ujazo ya hewa. Tangu 1994 ni 0.1.

Lakini umesema valvu ya zamani. Kama meli ni ya zamani, blanketi au gasketi usiyoijua asili yake usiipasue kwa sababu mkubwa ana haraka. Simama, uliza kama imepimwa. Kuna kikosi maalumu cha kuitoa, chenye mavazi yake na mashine za kufyonza, na kuuliza si utovu wa nidhamu. Kompresa usiitumie kusafisha shingo ya valvu hata ikiwa ni grafaiti. Kavu usikwangue, lowesha kwanza. Nguo ulizopatia vumbi usiende nazo nyumbani kwako.

Na kwa hiyo ya juzi, nenda kwa tabibu wa meli umwambie: tarehe, chumba, valvu ipi, dakika ngapi. Iandikwe kwenye faili lako la afya, nawe uchukue nakala ya karatasi, maana simu huibiwa.